Eno: chumvi ya matunda isiyo na tunda

Saa nane usiku, kifua kinawaka moto, umekaa kitandani mgongo wima kwa sababu ukilala tu kile kitu kichungu kinapanda mpaka kooni. Wenye kiungulia mnanielewa, wengine subirini zamu yenu. Mimi usiku huo nikafanya kama kawaida yangu, nikapapasa droo, nikatoa kipakti cha Eno, nikaenda kutafuta maji. Ila glasi zote zilikuwa chafu kwenye sinki na uvivu ni uvivu, nikaona chupa ya plastiki ina maji kama nusu, nikasema si maji haya haya, nikamimina unga wote mle ndani nikafunga kifuniko ili nitikise vichanganyike vizuri.

Msifanye. Nawaomba. Chupa ilivimba ikawa ngumu kama tairi, kifuniko nilipokilegeza kidogo tu kikaniponyoka, povu likaruka mpaka kwenye pazia, nusu ya dawa ikaishia kwenye shuka na kiungulia changu kiko pale pale kinanisubiri. Nikakaa nimelowa, nikaokota kile kipakti kitupu na kwa hasira tu nikaanza kusoma maandishi ya nyuma, kitu ambacho miaka yote ninayoinywa sikuwahi kukifanya. Yenyewe machache: kiungulia, asidi, gesi, basi. Na mbele pale kuna yale maneno ya chumvi ya matunda, ambayo nayo nimeyaona tangu nina akili zangu na sijawahi kujiuliza, matunda gani?

Usingizi ukaisha hapo, na siku kadhaa zilizofuata pia nikazimalizia humo humo.

Kwanza nilikuwa nadhani Eno ni kifupi cha maneno fulani ya kikemia. Kumbe ni jina la mtu. James Crossley Eno, kazaliwa 1827 Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza, akajifunza kazi ya dawa, akafanya kwenye chumba cha dawa cha hospitali ya mji ule, halafu miaka ya 1850 akawa na duka lake mwenyewe pale Groat Market katikati ya mji. Newcastle ya wakati ule ni bandari, makaa ya mawe yanapakiwa melini kwenye mto Tyne, mabaharia wamejaa, na kandokando ya mto kuna viwanda vya magadi, tena si vya mchezo, eneo lile lilikuwa moja ya sehemu kubwa kabisa duniani kwa kutengeneza magadi hayo. Walikuwa wanatumia njia ya Mfaransa Leblanc ya mwaka 1791, chumvi ya kawaida inaingia upande mmoja, magadi yanatoka upande wa pili, na kwenye chimni inatoka gesi ya asidi ya haidrokloriki inayochoma majani ya miti ya jirani mpaka Bunge lao likalazimika kutunga sheria mwaka 1863 ya kuwabana wenye viwanda. Hebu ona hicho kitu. Asidi ya haidrokloriki ndo hiyo hiyo iliyoko tumboni mwako inayokuamsha saa nane. Kiwanda kimoja, asidi inatokea juu kwenye moshi, na magadi ya kuizima yanatokea mlangoni kwa magunia.

Na kwamba tumboni kuna asidi hiyo hasa, wakati Eno anazaliwa ilikuwa habari mbichi kabisa. Daktari mmoja wa London, William Prout, ndo aliithibitisha mwishoni mwa 1823, kabla yake watu walikuwa wanabishana tu kuna kitu gani kichachu mle ndani. Kuzima uchachu wenyewe walishajua zamani sana, chaki ilisagwa ikanywewa, magadi yakanywewa, ila ukishawahi kunywa chaki au magadi matupu utajua kwa nini mtu anaweza kuamua abaki na kiungulia chake.

Hapo ndipo povu linapoingia, na hilo povu Eno hakuligundua yeye, tusimpe sifa zisizo zake. Mwaka 1767 kule Leeds kulikuwa na mchungaji anaitwa Joseph Priestley, anaishi jirani na kiwanda cha bia, akawa anatega chombo cha maji juu ya mapipa yanayochacha, ile gesi inayoelea juu ikaingia kwenye maji, akayanywa akayapenda. Mwaka 1772 akachapisha namna ya kuyatengeneza, na wazo lake kubwa lilikuwa kwamba yatawakinga mabaharia na kiseyeye. Hayakuwakinga na kitu, kiseyeye kinataka vitamini C, lakini maji ya povu yakabaki na heshima ya dawa, na binadamu ukishamwambia kitu ni dawa na kinamtekenya ulimi utamtoa wapi. Mwaka 1815 huko London poda ya Seidlitz ikawekewa hatimiliki, unga uliofungwa kwenye karatasi mbili, ya bluu na nyeupe, moja ina magadi na chumvi ya kulainisha tumbo, nyingine ina asidi ya tartariki, unayeyusha kila moja peke yake unamwagia moja kwenye nyingine unakunywa haraka kabla povu halijakwisha. Karatasi mbili kwa sababu waliogopa vikikaa pamoja vitaanza ugomvi kabla ya wakati.

Alichofanya mfamasia wa Newcastle ni kuviweka pamoja kwenye chupa moja, vikavu, asidi na magadi bega kwa bega, na vikavumilia mpaka uguse maji. Inaonekana kitu kidogo. Lakini fikiria wewe ni baharia, meli inayumba, tumbo limefunga wiki nzima kwa mikate migumu na nyama ya chumvi, nani atakaa anachanganya karatasi ya bluu na nyeupe? Kijiko kimoja, maji, kunywa. Eno akawa anawapa mabaharia pale bandarini, na mabaharia ndo walikuwa matangazo ya wakati ule, chupa zikapanda meli na jina likashuka kila bandari. Biashara ikamzidi ukubwa Newcastle, miaka ya 1870 akahamia London, kiwanda kikawa New Cross, na akafa 1915 huko Dulwich kusini mwa London ameacha mali ya zaidi ya pauni milioni 1.6, ambayo kwa mwaka 1915 ni utajiri wa kutisha. Magadi na asidi hayo.

Sasa utajiri ule haukutokana na kiungulia, na hapa ndo sehemu iliyonifanya niandike hii makala yote. Nenda katafute matangazo ya Eno ya miaka ya 1880 na 1890, picha zake zipo nyingi mtandaoni. Si matangazo, ni mahubiri. Safu nzima ya gazeti, maandishi ya kubana, mistari ya washairi, maneno ya hekima kuhusu maisha na kifo na wajibu wa mwanadamu, barua za askari waliorudi kutoka nchi za mbali wakiapa kwamba chupa ile ndo iliyowarudisha nyumbani, halafu katikati ya yote hayo unaambiwa chumvi ya matunda inazuia homa, inasafisha damu, inaamsha ini lililolala, inaondoa kichwa, inapoza mwili, na kwamba mtu anayekaa nyumbani bila chupa yake anaiweka roho yake rehani. Kiungulia kipo humo ndani lakini kimejibanza tu kama abiria wa kusimama.

Unga ule ule. Magadi na asidi ya matunda. Unalainisha choo kidogo na unazima asidi, hayo ni kweli, lakini homa? Mtu wa wakati ule alikuwa na bahati mbaya ya kuishi wakati ambao hata madaktari ndo kwanza walikuwa wanaanza kujua homa inaletwa na nini, kwa hiyo mwenye duka akisema damu imechafuka na unga huu unaisafisha nani wa kumbishia. Nikafikiria hiki kipakti changu cha sasa na yale maneno yake matatu, na nikaona kama historia yote ya hii dawa ni ya ahadi kunyolewa, unga wenyewe umekaa karibu vile vile miaka zaidi ya 150 ila kila kizazi kinakuja na mkasi kinakata kipande cha maneno. Mkasi mkubwa kwa Uingereza ulikuja 1941, sheria ya dawa ikataka dawa zinazouzwa hadharani zitaje ndani yake kuna nini, na matangazo ya kutibu baadhi ya magonjwa makubwa yakapigwa marufuku. Ikafuata sheria nyingine 1968 ya kupima usalama na ukweli wa kila dawa. Homa ikatoka, damu ikatoka, ini likatoka. Kikabaki kile abiria wa kusimama.

Lakini kabla ya serikali kumbana yeye, Eno mwenyewe alishawabana wengine, na kesi yake moja naipenda mpaka nimeisimulia watu wasioniuliza. Jamaa mmoja anaitwa Dunn alitaka kusajili bekingi pauda yake kwa jina lenye maneno hayo hayo, chumvi ya matunda, halafu bekingi pauda. Eno akaja juu. Kesi ikapanda ngazi mpaka Baraza la Mabwana, ambalo ndo lilikuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza, na mwaka 1890 likaamua kwamba Dunn asisajiliwe, kwa sababu watu wangeweza kudhani ile pauda ya kuumulia ina uhusiano na dawa ya Eno. Dawa ni dawa, unga wa keki ni unga wa keki, msituchanganyie.

Sasa kemia yake ndo inachekesha. Bekingi pauda ni nini? Magadi na asidi kavu, ukitia maji vinatoa gesi, gesi inaumua. Eno ni nini? Magadi na asidi kavu, ukitia maji vinatoa gesi. Wazee wale wenye mawigi walikaa kutenganisha kisheria vitu ambavyo ndani ya bakuli ni ndugu wa tumbo moja. Na leo ukifungua video za mapishi ya India utamkuta mtu anamwaga kipakti cha Eno kwenye unga wa dhokla, ile keki yao ya kupikwa kwa mvuke, bila wasiwasi wowote, inaumuka vizuri kabisa, na pengine Dunn huko aliko anacheka.

Haya, matunda. Asidi zilizoanza nazo zilikuwa na haki kidogo ya kuitwa hivyo. Asidi ya tartariki inatoka kwenye zabibu, inajikusanya kama mashapo magumu kwenye mapipa ya mvinyo, mkemia Msweden Carl Wilhelm Scheele ndo aliitenga 1769, na ni yeye huyo huyo aliyepata chembechembe za asidi ya sitriki kutoka kwenye maji ya limau mwaka 1784. Miaka yote ya karne ya 19 asidi ya sitriki ilitegemea malimau, na malimau maana yake Italia, hasa Sicily. Vita Kuu ya Kwanza ilipovuruga biashara ile bei ikawa ya kichaa, na mwaka 1917 mkemia wa Marekani James Currie akaonyesha kwamba kuna kuvu jeusi, Aspergillus niger, lile lile linaloota kwenye kitunguu kilichokaa sana, ukililisha sukari linakutolea asidi ya sitriki kwa wingi. Mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuitengeneza hivyo Brooklyn, na biashara ya Sicily ya malimau ya kutolea asidi haikupona tena. Karibu asidi yote ya sitriki duniani leo inatoka kwa kuvu. Soda, peremende, jemu, vidonge vya vitamini, na chumvi yetu ya matunda. Tunda halimo. Kuna ukungu uliolishwa sukari kwenye tangi, na sisemi kwa ubaya, asidi ni ile ile, molekuli haikumbuki ilizaliwa wapi.

Niliposoma vipimo vya ndani nikachukua kalamu. Kipakti cha kawaida ni gramu 5: baikaboneti ya sodiamu gramu 2.32, asidi ya sitriki gramu 2.18, kaboneti ya sodiamu gramu 0.5. Vitu vitatu tu. Ukipiga hesabu ya darasani unakuta asidi na magadi vimepimwa vikaribie kutoshana, magadi yamezidi kidogo sana. Hilo lilinishangaza, kwa sababu mimi nilikuwa naamini ninakunywa magadi yanayokwenda kupigana na asidi yangu, kumbe mapigano yote yanakwisha kwenye glasi mbele ya macho yangu, lile povu ndo vita yenyewe, na gesi inayotoka ni zaidi ya nusu lita kutoka kwenye kijiko kimoja cha unga. Nusu lita! Na mimi nilikuwa nimeifungia ndani ya chupa iliyobaki nafasi ya vidole vitatu.

Kwa hiyo kinachobaki kwenye maji ni sitreti ya sodiamu, na hiyo ndo inayofanya kazi. Sitreti ikikutana na asidi kali ya tumbo inaichukua, chumvi ya kawaida inabaki pembeni, na yenyewe inageuka tena kuwa asidi ya sitriki, ile ya limau, ambayo ni dhaifu na haiunguzi kama ile nyingine. Ukali unabadilishwa na upole. Mimi naona ni kitu kizuri sana, na kinaeleza kwa nini haina ladha ya sabuni kama magadi matupu.

Kinaeleza pia kwa nini kipakti lazima kikae kikavu. Vikigusana na unyevu kidogo tu vinaanza, na mmenyuko wenyewe unazalisha maji, maji hayo yanaamsha mengine, yanazalisha maji zaidi, ndo maana kopo lililoachwa wazi unalikuta limeganda kama jiwe na ukilitia kwenye glasi linatoa vipovu viwili vya huruma. Limeshakunywewa na hewa.

Halafu kuna mbweu. Tuseme ukweli, wengi wetu tunainywa kwa ajili ya ile mbweu, tangazo linasema inaanza kazi ndani ya sekunde 6 na sekunde hizo sisi tunazipima kwa sauti. Gesi iliyobaki kwenye maji inaingia tumboni, tumbo linatanuka kidogo, mlango ulio kati ya umio na tumbo unalegea, hewa inatoka, raha. Shida ni kwamba mlango huo huo kulegea bila mpangilio ndo sababu kubwa ya asidi kupanda. Kwa hiyo kuna watu wanaokunywa, wanabeua, na mbweu inawapandishia kile kile walichokuwa wanakikimbia. Nilishawahi kuwa mmoja wao na nikadhani ni dawa mbovu.

Na shibe. Marekani pakti za baikaboneti tupu zinazouzwa kama dawa ya tumbo zina onyo kabisa kwamba usinywe ukiwa umeshiba kupita kiasi, na usinywe kabla unga haujayeyuka wote, kwa sababu gesi ikizaliwa ghafla kwenye tumbo lililojaa mpaka shingoni kuna watu limewapasuka. Ni nadra, ila limetokea. Na sisi tunaikumbuka saa ngapi? Si saa hiyo hiyo tumeshiba mpaka hatuwezi kuinama.

Kilichonitia ubaridi zaidi lakini ni sodiamu. Kipakti kimoja kina kama miligramu 850. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima, vyakula vyote ukivijumlisha. Yaani vipakti viwili na kitu ushamaliza siku yako kabla hujatia chumvi popote. Mwenye presha, mwenye figo, mwenye moyo uliochoka, kwake hii si maji ya povu ya kujinywea, amwulize daktari wake kwanza. Na anayefikia kuinywa kila siku kwa wiki mbili tatu huyo hana shida ya Eno, ana shida nyingine inayotaka kupimwa. Sitaingia sana huko, ila moja tu niseme kwa sauti, maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au taya, na jasho, na pumzi kukata, hayo usiyamwagie povu, nenda hospitali.

Turudi kwa bidhaa yenyewe, maana baada ya mzee kufa ikawa kama mtoto wa kurithiwa. Mwaka 1928 akainunua Harold Ritchie, Mkanada, mfanyabiashara wa Toronto aliyesifika kwa kuuza kwa mabehewa. Huko Marekani Eno ikaanza kudhamini michezo ya redio ya upelelezi kuanzia 1931, mtu ameuawa, nani muuaji, na sasa wasikilizaji wapenzi, tumbo lenu likoje. Kisha 1938 ikaingia kwa Beecham, kampuni iliyokuwa imeanzia kwenye vidonge vya kulainisha choo, ambayo ilikuwa inautaka sana ule mtandao wa masoko ya nje uliolimwa na mabaharia na mawakala miaka yote ile.

Wakati huo huo kule Marekani alishazaliwa mpinzani, Alka-Seltzer, 1931, mji wa Elkhart, Indiana. Watu wanazichanganya kwa sababu zote zinatoa povu, lakini kidonge kile cha kawaida kina aspirini ndani, miligramu 325. Aspirini! Dawa ambayo yenyewe inajulikana kwa kukwaruza ukuta wa tumbo, imewekwa ndani ya dawa ya tumbo. Kwa kichwa cha asubuhi sawa, kwa mwenye vidonda vya tumbo ni kumkaribisha mwizi akulindie nyumba, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa tahadhari mahsusi kuhusu kutokwa damu kwa wanaotumia dawa za asidi zenye aspirini. Soma nyuma ya pakti, nimejifunza kwa kulowa.

Lakini kilichotakiwa kuiua Eno si Alka-Seltzer. Mwaka 1976 Uingereza ilianza kuuza Tagamet, dawa ya simetidini, kazi ya James Black na wenzake pale Smith Kline & French, na hiyo haikuja kuzima asidi iliyokwisha kutoka, ilikwenda kufunga bomba kwenye chanzo. Vidonda ambavyo watu walikuwa wanapasuliwa navyo vikaanza kupona kwa vidonge. Black akapata Nobel 1988. Mwaka 1981 kampuni ya Glaxo wakaja na Zantac, dawa ya ranitidini, ikaipita Tagamet kwa mauzo, mwaka 1988 Wasweden wakatoa omeprazoli, inafunga bomba kwa nguvu zaidi. Na wakati hayo yanaendelea, Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakawa wanasema vidonda vingi vinaletwa na bakteria, watu wakawacheka, Marshall 1984 akakoroga bakteria hao akawanywa mwenyewe, ukuta wa tumbo ukamvimba kweli, na 2005 wakapewa Nobel. Ina maana kwa miaka mia na zaidi watu wengi wenye vidonda walikuwa wanazima moto wa kiberiti kinachowashwa kila siku na mdudu, na dawa za asidi zilikuwa zinawapa saa moja moja za amani.

Kwa hesabu ya kawaida unga wa miaka ya 1850 ungekufa hapo. Angalia kilichotokea lakini. Mwaka 1989 Beecham ikaungana na SmithKline, Eno na Tagamet zikalala nyumba moja. Mwaka 2000 hao wakaungana na Glaxo, Zantac nayo ikaingia ndani. Wauaji wawili na mzee aliyetakiwa kuuawa, meza moja. Halafu 2019 Zantac ikakutwa na kemikali ya NDMA inayohofiwa kuleta saratani, kampuni ikaita mzigo urudi, na Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikawataka watengenezaji waondoe sokoni dawa zote za ranitidini. Tagamet siku hizi nani anaitaja. Na mwaka 2022 kampuni ilipogawanyika, bidhaa za kununua bila cheti zikawekwa kwenye kampuni mpya inayoitwa Haleon, na mmoja wa waliohamia huko na mizigo yake ni mfamasia wa Newcastle na jina lake la ukoo.

Juzi kikanishika tena. Saa ile ile. Droo ile ile, na safari hii glasi nilikuwa nimeiosha mapema nikaiweka pale kwa makusudi. Nikashika kipakti, nikawasha tochi ya simu, nikakumbuka zile miligramu 850 na kwamba usiku huo nilikuwa nimekula chakula cha chumvi, nikaanza kuhesabu kwa vidole nimekaa kitandani mgongo wima. Kabla sijamaliza kuhesabu mbweu ikaja yenyewe.